Nani alimpa nani kriketi? Dhana potofu na ukweli wake

Taja kriketi kwenye baraza lolote la Afrika Mashariki, utajibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mchezo huu haueleweki. La pili, kwamba ni mali ya Mwingereza, aliyeuleta pamoja na kodi ya kichwa na chai ya saa kumi akawagawia aliowatawala. La kwanza ni uvivu tu. La pili lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Lakini ukifuatilia mambo yalivyokwenda, utamkuta Mwingereza mara nyingi kasimama mlangoni anazuia, na watu wanapita dirishani.

"Sheria zake ni fumbo"

Aliyecheza rede utotoni keshajua nusu ya kriketi: mtu yuko kati, anarushiwa mpira, naye anajitahidi kupata kitu kabla hajatolewa. Tofauti ni kwamba wa kriketi ameshika gongo (la mbao, si lile la chupani), na anacholinda si mwili wake bali vijiti vitatu vilivyochomekwa nyuma yake, virefu sentimita 71, na juu yake vimelazwa viwili vidogo. Hiyo ndiyo wiketi. Iko nyingine upande wa pili, umbali wa mita 20 na kidogo, na huko kasimama mpigaji mwenzake. Wakipishana, kila mmoja akafika kwa mwenziwe, wamepata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi mpakani ni mikimbio minne. Ukivuka mpaka haujagusa chini ni sita. Mipira sita halali inafanya ova moja, kisha mrushaji mwingine anarusha kutoka upande wa pili. Timu ina watu 11, na wakitolewa kumi zamu imekwisha, maana wa mwisho hana wa kupishana naye.

Ukishika hayo unaweza kukaa ukatazama. Mengine utayaokota njiani, ila machache huwapotosha wengi.

Wapo wanaodhani kwamba ukiugusa mpira lazima ukimbie. Hiyo tumeitoa kwenye raundas ya shule ya msingi, ambako ukipiga tu unatimua mbio. Wa kriketi anaweza kupiga akabaki pale pale anakaza glavu zake, akafanya hivyo kutwa nzima, na asivunje sheria yoyote. Wala halazimiki kupiga mbele. Nyuma, ubavuni, popote kiwanjani ni pake.

Wapo pia wanaoamini kwamba mpira ukimgonga mguuni basi katoka. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Sheria hiyo iliingia mwaka 1774, baada ya watu kugundua kwamba mguu ni kinga nzuri kuliko gongo, na tangu hapo imekuwa ikifanyiwa marekebisho. Mwamuzi hujiuliza kama mpira ule ungekwenda kugonga vijiti laiti mguu usingekuwapo. Akiridhika kwamba ungegonga, bado anatazama ulidundia wapi: ukidundia nje ya vijiti upande wa miguu ya mpigaji, amepona, hata kama ungevisambaratisha vyote vitatu. Na kama umemgonga akiwa nje ya mstari wa vijiti, lakini kweli alijaribu kuupiga, amepona vilevile.

Hapa ndipo ninapoupendea mchezo huu. Mwamuzi hamtoi mtu asipoulizwa. Anaweza kuona kwa macho yake mawili kwamba mpigaji katoka, akanyamaza kimya, kwa sababu waliokuwa wakirusha hawakupiga ukelele wa "Hauzati?", yaani "Vipi hapo?" Ukisikia wachezaji wote wanapaza sauti kwa pamoja na mikono juu, si ubishi wala utovu wa adabu. Wanatimiza sheria. Novemba 2023 huko Delhi, katika Kombe la Dunia, Angelo Mathews wa Sri Lanka aliingia uwanjani, ukanda wa kofia yake ukakatika, akaagiza nyingine. Muda wa kuwa tayari ulikuwa dakika mbili. Nahodha wa Bangladesh, Shakib Al Hasan, akamuuliza mwamuzi, na alipopewa nafasi ya kuondoa swali lake akakataa. Mathews akarudi alikotoka hajapokea hata mpira mmoja, mtu wa kwanza kutolewa kwa kuchelewa katika historia ya mechi za kimataifa.

"Mechi ni siku tano, na mwishoni hakuna mshindi"

Mechi za Test, zile ndefu za timu za taifa, ndizo za siku tano. Za ova 50 huisha siku moja, na za ova 20, zilizoanza Uingereza mwaka 2003, huchukua saa tatu hivi, kama kwenda kutazama filamu ya Kihindi. Kuhusu kukosa mshindi, watu huchanganya vitu viwili. Mikimbio ikilingana baada ya pande zote kumaliza zamu zao, hiyo ni sare ya kweli, na kwenye Test imetokea mara mbili tu: Brisbane 1960 na Madras 1986. Muda ukiisha kabla kazi haijaisha, hapo mechi imekatika tu, na timu iliyolemewa huenda nyumbani inachekelea. Kuna nyakati waliondoa kabisa kikomo cha siku. Durban, Machi 1939, Uingereza na Afrika Kusini walianza tarehe 3, na tarehe 14 walikuwa bado wanacheza. Waingereza walikuwa na mikimbio 654, wakitafuta 696, ikabidi waache. Meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inawasubiri Cape Town.

"Ni mchezo wa waungwana"

Sheria za kwanza zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744, na sababu kubwa ilikuwa fedha. Mabwana wa Kiingereza walikuwa wakiwekeana dau kubwa juu ya mechi, na palipo na dau panatakiwa maandishi, la sivyo watu watatoana macho. Matoleo ya mwanzo yalikuwa hata na kifungu cha kueleza dau linaamuliwaje. Klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) ya London ilianzishwa 1787, mwaka uliofuata ikazishika sheria hizo mkononi, na haijaziachia hadi leo, ingawa Baraza la Kriketi la Kimataifa, lenye kuendesha mashindano, limehamia Dubai tangu 2005.

Neno "waungwana" lenyewe lilikuwa na maana ya kitabaka. Hadi mwaka 1962 wachezaji wa Uingereza waligawanywa: "Gentlemen" wasiolipwa, na "Players" waliocheza kwa ujira. Walikuwa na vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, na viwanja vingine vilikuwa na milango tofauti ya kutokea. Timu moja, milango miwili. Mtu aliyelelewa katika utaratibu huo, ukimpeleka kutawala Bombay au Nairobi, atafanya nini?

"Mkoloni aliwafundisha watu wake"

Alifanya kama alivyozoea: aliweka uzio. Wahindi wa kwanza kujiundia klabu ya kriketi walikuwa Waparsi wa Bombay, jamii ile ile aliyozaliwa Freddie Mercury pale Unguja. Klabu yao ilianza mwaka 1848. Hakuna aliyewaita, vijana walitazama Wazungu wakicheza, wakaiga kwa vifaa vya kuokoteza. Wazungu walikuwa na kiwanja chao kilichofungwa, wenyeji wakabakiwa na uwanda wa wazi ulio jirani. Halafu Wazungu wakaamua kucheza polo kwenye uwanda huo huo, na farasi wakauchimbua kwa kwato hadi mpira ukawa hautabiriki unadundia wapi. Yakaandikwa malalamiko kwa serikali, yakajibiwa, yakaandikwa mengine. Miaka ya 1880 Waparsi walikuwa wamekwishajigharimia safari za kwenda kucheza Uingereza kwenyewe, mwaka 1886 na 1888. Mwaka 1890 timu ya Waingereza iliyoongozwa na G. F. Vernon ilipofika Bombay, Waparsi wakaifunga.

Wala mlango haukufungwa na Mzungu peke yake. Palwankar Baloo alizaliwa katika tabaka la waliohesabiwa najisi, akapata kibarua cha kutunza kiwanja Poona, na huko akawa anawarushia mpira maofisa wa Kiingereza wakati wa mazoezi. Timu ya Wahindu ilipomhitaji, wenzake walimchukua mrushaji wakamwacha mtu: kiwanjani waliugusa mpira ule ule alioushika, ila saa ya chai alipewa yake nje, kwenye kikombe cha udongo cha kutupa. Mwaka 1911 timu ya India ilizuru Uingereza, na Baloo akachukua wiketi zaidi ya 100, yaani aliwatoa wapigaji zaidi ya 100. Hata hivyo hakupewa unahodha wa Wahindu. Ni mdogo wake, Vithal, aliyeupata mwaka 1923.

Karibea nako, watoto na wajukuu wa watumwa walirusha na kupiga mpira kwa miongo mingi huku nahodha wa timu yao ya pamoja, West Indies, akitakiwa awe Mzungu, hata kama uwezo wake ni wa kubeba maji. George Headley, Mweusi, aliongoza mechi moja mwaka 1948. Ilibidi mwandishi C. L. R. James wa Trinidad apige kelele magazetini ndipo Frank Worrell akapewa timu kwa mfululizo mzima wa mechi, mwaka 1960. Mechi yake ya kwanza kuongoza katika mfululizo huo ndiyo ile sare ya Brisbane.

Kwetu mambo hayakuwa tofauti. Nairobi mwaka 1910 ilianzishwa mechi kubwa kati ya maofisa wa serikali na walowezi. Mwaka 1933 ikaja nyingine, Wazungu dhidi ya Waasia. Mwafrika hakuhesabiwa upande wowote.

"Basi kwetu ni mchezo wa Wahindi"

Ilikuwa karibu kuwa kweli, kwa muda. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza la wanaume mwaka 1975 iliundwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na wengi wao walikuwa wenye asili ya Asia. Ilipoteza mechi zote tatu. Lakini hata humo alikuwamo John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye wengi walimjua kama mshauri wa rais. Uganda mchezo ulikuwa umepenya kupitia shule za bweni kama Budo na Mwiri, si klabu peke yake.

Kenya ya miaka ya 1990 ndiyo iliyoua dhana hii. Februari 1996, kwenye Kombe la Dunia mjini Pune, India, wakicheza na West Indies, Wakenya walitolewa wote kwa mikimbio 166, na watu wakaanza kukunja mikeka. Rajab Ali akamtoa Brian Lara kwa mikimbio minane, nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15, na West Indies nzima ikaishia 93. Mwaka 2003, chini ya Steve Tikolo, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wasemao kwamba ilibebwa kwa sababu New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, wakumbuke kwamba Sri Lanka walikuja, na Collins Obuya akawachukulia wiketi tano. Kilichoiangusha Kenya baada ya hapo ni habari nyingine, na ukiianza huimalizi.

Na mwaka 2024 Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza kwenye Kombe la Dunia la ova 20. Siku chache baadaye West Indies wakaitoa kwa 39. Ndivyo mchezo ulivyo.

"Kriketi ilifuata bendera"

Mechi ya kwanza ya kimataifa haikuhusu Uingereza kabisa. Ilikuwa Marekani na Kanada, New York, mwaka 1844, na Marekani ilikuwa imekwishajitoa mikononi mwa Waingereza zaidi ya miaka 60 kabla. Kwa upande wa pili, bendera ilipepea miaka mingi Sudan na Gold Coast (Ghana ya leo), na watu wakachagua kandanda. Paris 1900, kwenye Olimpiki, "Ufaransa" ilicheza na Uingereza ikashindwa; wengi wa hao "Wafaransa" walikuwa Waingereza wakaazi wa Paris. Afghanistan nayo mchezo uliingia na wakimbizi waliorudi kutoka kambi za Pakistan.

Rwanda ina kisa kinachofanana. Ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji. Waliozaliwa au kukulia uhamishoni, hasa Uganda na Kenya, walirudi baada ya 1994 na magongo yao, na mwaka 1999 chama cha kriketi kikaundwa. Eric Dusingizimana, aliyekuwa nahodha, alipiga mipira mfululizo kwa saa 51 mwaka 2016 ili kuchangisha fedha za kiwanja, na mwaka uliofuata kiwanja cha Gahanga kikafunguliwa Kigali. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, Henriette Ishimwe aliwatoa Wazimbabwe wanne kwa mipira minne mfululizo. Baadaye, katika mashindano hayo hayo, wasichana wa Rwanda wakawafunga West Indies.