Mshale wa joto umepanda, injini haijachemsha: kwa nini?

Land Rover Series III inaingia Tanga kutoka Pangani, mshale wa joto umelalia nyekundu. Gereji dawa ni moja: toa thamostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto. Ni kosa, tena kosa linalodumu kwa sababu mshale hushuka kidogo na kila mtu huamini gari limepona. Kumbe injini sasa inachelewa kupata joto na inakunywa mafuta zaidi, ugonjwa uko pale pale.

Kabla ya kushika spana, tazama geji ya mafuta. Kama nayo inadai tangi limejaa na umetia lita kumi tu, usilaumu maji. Geji zote mbili hulishwa na stabilaiza moja nyuma ya dashibodi, ambayo hugeuza umeme wa betri uwe wastani wa volti 10.

Namna inavyougeuza ndiyo raha yenyewe. Haipunguzi umeme, inaukata na kuurudisha. Mkaanga vitumbua kwenye mkaa mkali hawezi kupunguza moto, kwa hiyo huinua karai, akalirudisha, akaliinua tena. Mkono wa stabilaiza ni ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Waya ukipata moto, ukanda hupinda na kukata umeme. Ukipoa hunyooka, umeme unarudi. Geji ni nzito kuitika, mshale hata hauoni mkatiko.

Lakini waya huo humalizia kwenye bodi, kupitia skrubu moja. Hewa ya chumvi ikipalia kutu pale, ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, inapotea, waya haupati moto, karai halinyanyuliwi tena. Geji zinapokea umeme mzima, karibu volti 14 injini ikiwaka. Chomoa betri, fungua skrubu, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza.

Ikiwa geji ya mafuta inasema kweli, injini huenda inachemsha kweli: kagua maji kwanza, ikiwa imepoa. Yakiwa sawa, washa swichi, chomoa waya wa sensa, kipima joto kilichofungwa kwenye injini: mshale ulale baridi. Gusisha waya huo kwenye injini: mshale upande juu. Ukianza kupanda tu, achia, usije ukaunguza geji. Ukitii mara zote mbili, mtuhumiwa ni sensa. Itie kwenye maji, pima omu zake, yaani ukinzani wake wa umeme, yakipata moto: zishuke taratibu bila kuruka. Tanga maji huchemka nyuzi 100. Lushoto, kule milimani, karibu 95, basi usilinganishe vipimo.

Tepu nyeupe ya mabomba kwenye meno ya skrubu ya sensa huharibu ethi kwa namna iliyo kinyume: mshale unasoma chini, injini inachemka kimya kimya.

Magari ya zamani zaidi, yenye kirija chembamba kutoka injini hadi geji, hayahusiki. Geji hiyo haina umeme, na kirija kikipasuka mshale hulala baridi moja kwa moja.