"Ameshamalizana nao": kinachomfunga mchezaji huru

Dhana: Mchezaji akishakubali kwa mdomo, kafungwa.

Dhana hii haikuokotwa. Uyole, hapa Mbeya, watu wanauziana lori zima la viazi kwa simu, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania inautambua mkataba wa mdomo. Mpira una kanuni zake. Kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu. Kwa hiyo kijiwe cha Mwanjelwa kikitangaza kwamba beki wa Prisons aliyemaliza mkataba "ameshamalizana" na timu ya Dar, kisha akaibuka na jezi nyingine, huenda ni kigeugeu, lakini hajavunja mkataba wowote. Kama alipokea kishika uchumba, klabu itamdai hela yake. Yeye mwenyewe hadaiki.

Hata NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ni hivyohivyo. Julai 2015 DeAndre Jordan aliwakubalia Dallas Mavericks kwa mdomo, katika zile siku za kuzungumza kabla ya kusaini. Siku ya kusaini ilipofika, akamwaga wino kwa Los Angeles Clippers, timu yake ileile. Dallas walinuna, basi.

Dhana: Mkataba wa awali si mkataba.

Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Wakala anakuja na karatasi moja, anasema "saini tu, mkataba wenyewe unakuja". Kama ina majina ya pande zote, muda, mshahara na saini zao, karatasi hiyo inaweza kuhesabika mkataba kamili, hata kama hujatambulishwa. Ukisaini kwingine kwa kipindi hichohicho, jiandae kulipa fidia, na pengine kufungiwa. Klabu nayo haiwezi kukuruka kwa kisingizio cha vipimo vya afya. FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba utegemee vipimo.

Dhana: Ukirudisha hela, yameisha.

Muulizeni Feisal Salum, aliyekuwa kiungo wa Yanga. Desemba 2022 aliirudishia Yanga fedha na kuaga. Kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na Azam alikwenda mwaka 2023 baada ya klabu kuelewana.

Dhana: Mwenye mkataba haruhusiwi kuzungumza na timu nyingine.

Mkataba ukibakiza miezi 6 au pungufu, ruksa, hata kusaini. Uwanjani Sokoine mashabiki watazomea, ila kanuni iko upande wa mchezaji.