Mtoto wa pili atakaa na nani?

Juzi kwenye kikao chetu cha elimu ya uzazi huku Kisauni, Mombasa, walikuja watu watatu wa nyumba moja, mume, mke na mavyaa. Mume anaendesha tuktuk, mke ana miaka 34 anafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya ufuoni, na wana msichana mmoja wa miaka 7. Mavyaa ndie aliewaleta, manake amechoka kuuliza mjukuu wa pili yuko wapi na hapati jibu. Akasema mbele ya watu wote, mimi nilizaa wanane na sikua na mshahara wa mtu, mtoto huja na riziki yake.

Yule mke hakubishana. Alitoa simu akafungua meseji aliyojitumia mwenyewe akatusomea: kodi ya nyumba 8,000, karo ya huyu mkubwa, maji ya mitungi, tokeni za stima, mama wa kulea mtoto 100 kila siku na zamu ya usiku anataka 200, alafu ile miezi ya Aprili mpaka Juni watalii wakiisha hoteli inawaambia wakae nyumbani bila kitu. Akafunga simu, akamgeukia mavyaa kwa heshima kabisa akamuuliza, "Mama, nikizaa utakaa naye?"

Mavyaa akanyamaza. Yeye mwenyewe huamka saa nane usiku kukanda unga wa mahamri na harudi nyumbani mpaka adhuhuri.

Nimefanya kazi hii ya kufundisha watu mambo ya uzazi miaka mingi na nawaambia kwa dhati, ukitaka kujua kwa nini watu wanazaa wachache siku hizi, lile swali ndilo swali lenyewe. Watu wanasema vijana wa siku hizi wanapenda raha, wanaiga wazungu, wameharibiwa na simu, na mimi nikikaa na hao vijana ana kwa ana sioni hayo. Naona watu wanaopenda watoto sana wamepiga hesabu na pale kwenye mstari wa "nani atakaa nae" wamekosa jina la kuandika.

Kwanza tuelewane kuhusu takwimu, sababu zinachanganya. Tukisema kiwango cha uzazi Kenya ni 3.4, ndio hesabu ya utafiti wa kitaifa wa 2022, maana yake mwanamke akipitia umri wake wote wa kuzaa kwa mwendo wa sasa atapata wastani wa watoto watatu na kitu. Mwaka wa 1977/78 ilikua 8.1. Yani nyanya zetu walikua wanazaa wanane kwa kawaida, huyu mavyaa wetu hakua ajabu hata kidogo. Kufika 1989 ikashuka 6.7, ikafika 4.7 mwaka 1998, alafu ikakwama, 2003 ikawa 4.9, na sababu zinazotajwa ni kwamba madawa ya kupanga uzazi yalikua yanakosekana kwenye zahanati na pesa za wafadhili zilikua zimeelekezwa kwa ukimwi. Baadae ikaendelea kushuka, 3.9 mwaka 2014 na sasa hapo tulipo. Nairobi iko 2.5. Mandera, kule kaskazini mashariki, iko 7.7. Nchi moja, serikali moja, na wanawake wanaishi kama walio kwenye karne mbili tofauti.

Na kushuka huku hakumaanishi Wakenya wanaisha, hilo naulizwa kila mara. Sensa ya 2009 tulikua milioni 38.6, ya 2019 tukawa milioni 47.6, tunaongezeka bado kwa sababu wasichana waliofika umri wa kuzaa ni wengi mno, kwa hivyo hata kila mmoja akizaa wachache jumla inabaki kubwa. Kiwango cha kujaza tu nafasi ya wazazi ni kama 2.1 na sisi bado hatujafika huko.

Sasa sehemu kubwa ya kushuka huku ni habari njema na lazima isemwe hivyo. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi 1967, mapema kuliko karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, lakini watu hawakupunguza watoto kwa sababu ya mabango. Walipunguza walipoona watoto wanaishi. Mwaka 2003 kati ya watoto 1,000 waliozaliwa 115 walikua hawafikishi miaka mitano, kufika 2022 wakawa 41. Mama aliekua anazaa wanane alikua anajua kabisa moyoni kwamba huenda atazika wawili, hakuna aliekua akiyasema lakini kila mtu alijua. Chanjo, vyandarua, kuzalia hospitalini, hayo ndiyo yaliyompa mama ujasiri wa kuzaa wanne akatulia.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijasikia kikizungumzwa vya kutosha nacho ni dada mkubwa. Kwenye ile nyumba ya watoto wanane, mama hakulea wanane peke yake. Mtoto wa kwanza wa kike alilea wa nne, wa tatu akalea wa sita, msichana wa miaka 9 utamuona kabeba mwenzake mgongoni na huku anateka maji, hata mavyaa wetu nilipomuuliza alikubali, akasema kifungua mimba wangu ndie alienilelea, na huyo hakumaliza darasa la nne. Alafu 2003 elimu ya msingi ikawa bure na hawa wasichana wakaingia darasani. Ni moja ya mambo bora kabisa nchi hii imewahi kufanya na sitaki mtu anielewe vibaya. Ila ile kazi aliyokua anafanya yule msichana haikuondoka, na hakuna alieulizwa sasa itafanywa na nani. Ikabaki imeninginia. Nyanya nae ana biashara yake, shangazi yuko Saudia au Qatar kwa kazi za nyumbani analea watoto wa watu wengine, jirani nae anatoka alfajiri. Na ukizaa wachache, ndugu nao wanakua wachache, kwa hivyo kizazi kinachofuata kina shangazi wachache zaidi wa kuitwa.

Hapo ndipo anapoingia mwajiri. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili na baba wiki mbili, na hairuhusiwi mtu kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Sheria ya afya ya 2017 inataka mahali pa kazi pawe na chumba cha kunyonyeshea. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini wafanyakazi wengi wa nchi hii wako jua kali, yani kazi zisizo na mkataba, mama mboga hana wa kumwandikia barua ya likizo, na huyu wa hoteli mkataba wake ni wa miezi sita sita, hakuna anaemfukuza akishika mimba, mkataba unaisha tu na hapigiwi simu tena. Aliniambia wenzake wawili imewatokea. Sasa mtu kama huyu akisita utamwita mbinafsi?

Na sio Kenya peke yake. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, ilitoa ripoti 2025 baada ya kuuliza watu zaidi ya 14,000 kwenye nchi 14, Nigeria na Afrika Kusini zikiwemo, na watu 39 kwa kila 100 wakasema pesa ndio iliyofanya wapate ama watarajie watoto wachache kuliko wanaotaka. Korea Kusini ilikua na wastani wa watoto sita mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwaka 2023 ikafika 0.72, na serikali yao imemwaga pesa nyingi miaka na miaka kuwashawishi watu. Ukisikiliza wanawake wa huko wanataja nyumba ghali, masaa marefu ya kazi, gharama za masomo ya ziada, na mume kutoshika mtoto. Ondoa theluji, utadhani ni Bamburi hapa Mombasa.

Hilo la mume naomba nilitilie mkazo. Kwenye kikao kile nilimuuliza bwana, siku za ofu za mkeo nani anapika? Akacheka kwa aibu. Tuktuk ni kazi ngumu najua, lakini ina kitu ambacho hoteli haina, unaweza kuipaki saa tisa ukamchukua mtoto. Hakuwahi kuliwaza, hakua mtu mbaya, hakuna tu aliewahi kumuuliza.

Kuna upande wa mwili nao, na hapa nazungumza kama mtu wa afya. Kusita ni haki yako ila mwili una saa yake. Uwezo wa mwanamke kushika mimba unapungua taratibu na baada ya miaka 35 unapungua kwa kasi zaidi, na wanaume nao mbegu hazibaki zile zile. Kama mmejaribu mwaka mzima bila kinga na hakuna kitu, nendeni mkapimwe, na kama mke amepita 35 msingoje mwaka, miezi sita inatosha. Nendeni WOTE WAWILI. Karibu nusu ya kesi mwanamume anahusika kwa njia moja ama nyingine na bado naona wanawake wanazungushwa kwa waganga miaka minne huku bwana hajawahi kutoa sampuli hata siku moja. Shirika la afya duniani lilisema 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani maishani, na kupandikiza mimba kwa maabara huku kwetu kunagharimu mamia ya maelfu ya shilingi, kwa hivyo bora kuwahi.

Alafu wengine wanaogopa kupanga uzazi wakidhani watakua tasa. Hapana. Vijiti vya mkononi na koili za kwenye mfuko wa uzazi zikitolewa uwezo unarudi haraka, vidonge hivyo hivyo. Sindano ya depo ndio huchelewesha, inaweza kuchukua miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho, kwa hivyo kama unataka mtoto mwakani badilisha njia mapema. Kinachoharibu mirija ya uzazi kweli ni magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono yasiyotibiwa, na kutoa mimba kwa njia ya hatari. Tibiwa mapema, na mwenzako atibiwe.

Nina hofu moja katika haya mazungumzo ya uzazi kushuka, kwamba siku moja mkubwa fulani atashtuka na kusema basi tupunguze hizo dawa za kupanga uzazi ili watu wazae. Mama wa Mandera mwenye watoto saba ambaye angetaka kupumzika ndie atakaelipa, na huyu wa Kisauni hatazaa hata hivyo, atatafuta pesa anunue kwa duka la dawa. Ukitaka yule wa Kisauni azae mpe mkataba usiokatika na mahali salama pa kumwacha mtoto, kaunti ziweke dekea, yani vituo vya kulea watoto mchana, karibu na soko na steji za matatu, wale kina mama wanaolea watoto mtaani kwa shilingi mia wapewe mafunzo na maji safi badala ya kufukuzwa kwa kukosa leseni. Wanalea watoto ishirini kwenye chumba kimoja na ndio wameshikilia uchumi wa mtaa mzima.

Familia ile hawakuamua kitu siku ile na sikuwasukuma. Walipokua wanatoka mavyaa alibaki nyuma kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini hao wa dekea hua wanafungua saa ngapi. Nikamwambia wengi saa kumi na mbili asubuhi. Zamu ya mkaza mwanawe huanza saa kumi na moja alfajiri.