Mali haikusilimishwa kwa upanga

"Mwalimu, si Mansa Musa ndiye aliyewasilimisha watu wa Mali kwa upanga?" Muhula huu nimeulizwa hivyo mara nne kuhusu mfalme huyo wa dola ya kale ya Mali, Afrika Magharibi, na mara ya nne aliyeuliza ni mwalimu mwenzangu.

Upanga gani? Uislamu ulivuka Sahara na misafara ya ngamia, pamoja na chumvi na nguo, karne kadhaa kabla ya Musa kukalia kiti mwaka 1312. Walioupokea mapema ni wafanyabiashara na watawala. Anayemkopesha mtu wa ng'ambo ya jangwa anataka maandishi, kiapo na kadhi wa kuamua wakigombana. Mkulima wa mtama hakuwa na haja hiyo, akaendelea na matambiko yake.

Na pale ambapo mabavu yangewezekana, yaliachwa. Al-Umari, mwandishi Mwarabu aliyekusanya habari Cairo miaka kadhaa baada ya Musa kupita hapo mwaka 1324 akienda Hija, anaeleza hivi: kila mji wa dhahabu ulipotekwa, adhana ikasikika humo, dhahabu ilipungua, huku ikiongezeka kwa majirani wasio Waislamu. Watawala wakaona afadhali wawaache wachimbaji na dini yao, mradi walete kodi. Yaani dhahabu iliyompeleka mfalme Makka ilichimbwa na watu ambao dola yake haikutaka kuwasilimisha! Hapo ndipo ninapowataka wanafunzi wakae, lakini wao wanakimbilia upanga.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa kwa Mansa (yaani mfalme) Sulayman wa Mali mwaka 1352. Alisifu watu walivyoshika sala na kuhifadhi Kurani. Siku ya sikukuu akaona washairi wa kasri wamevaa manyoya na vichwa vya ndege mbele ya mfalme, akaliweka hilo kwenye orodha ya yaliyomchukiza. Yaani hata mbele ya mfalme mila ya kale haikufutwa.

Madai mengine ninayosikia kuhusu Mali nayamaliza upesi. Eti chumvi ilibadilishwa na dhahabu uzito kwa uzito? Bei anazotaja Ibn Battuta kwa mzigo wa ngamia wa chumvi ni mithkali (kipimo cha uzito wa dhahabu) 8 hadi 10 huko Walata, mji wa ukingoni mwa jangwa, na 20 hadi 30 mji mkuu, ikipanda sana 40. Mithkali 40 hazifiki gramu 200. Mzigo wa ngamia ni zaidi ya kilo mia. Pigeni hesabu wenyewe. Timbuktu nayo haikuwa mji mkuu: Ibn Battuta aliifikia baada ya kuagana na mji wa Mansa. Na zile "dola bilioni 400" za utajiri wa Musa ni hesabu ya mitandaoni, isiyotaja kwamba safari ya kurudi aliishiwa, akakopa kwa wafanyabiashara wa Cairo.