Hisa ya dola 120 sio rahisi kuliko hisa ya dola 1,200

Hili swali, eti hisa yenye bei ndogo si ndo rahisi zaidi, nimelijibu kwa simu mpaka basi, kwa hiyo leo naliandika na kuanzia sasa atakayeuliza nitamtumia huu ukurasa. Wiki hii mteja wangu mmoja wa Igoma, Mwanza, mtu makini, biashara yake ya spea anaijua mpaka nati ya mwisho, kanipigia kuhusu Nvidia, ile kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ananiambia, "Kaka, ile Nvidia si ilikuwa dola elfu moja na mia mbili, ikashuka mpaka mia na ishirini? Ikirudi tu pale ilipokuwa mi nimetoka." Rafiki yake aliyekuwa pembeni anabisha, anasema bora Vodacom yetu ya hapa maana inacheza kwenye mamia tu. Wa tatu anasema wote hamjui kitu, Safaricom ni shilingi chache za Kenya, hapo ndo pa kuingia. Wanabishana kwa nguvu kabisa, na wote watatu wamesimama kwenye kosa moja.

Jamani, bei ya hisa moja peke yake haikuambii kama hisa ni rahisi au ghali. Haikuambii kama kampuni ni ndogo wala kama ina nafasi ya kupanda. Mpaka uizidishe na idadi ya hisa zote za kampuni ndo unapata bei ambayo soko linaipa kampuni nzima, na hapo ndo maongezi yanaanza.

Tuanze na Nvidia. Haikushuka. Ijumaa ya tarehe 7 Juni 2024 ilifunga kwenye dola 1,208 na senti, Jumatatu yake ikaanza kuuzwa kwenye 120 hivi kwa sababu kila hisa moja ilikuwa imegawanywa kuwa 10. Aliyelala na hisa 5 aliamka na hisa 50, na jumla ya hela yake ilikuwa ile ile. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba sangara akikatwa vipande kumi badala ya vinne kila kipande kitauzwa bei ya chini, ila sangara hajawa rahisi. Na haikuwa mara ya kwanza, Julai 2021 waligawanya kila moja kuwa 4, kwa hiyo mwenye hisa moja ya kabla ya hapo akaikuta imekuwa 40.

Sasa hiyo "ikirudi tu pale ilipokuwa" ndo inayonitoa jasho. Baada ya mgawanyo Nvidia ilikuwa na hisa kama bilioni 24.6. Kwa dola 120 kampuni nzima ni karibu dola trilioni 3. Ili hisa ifike tena 1,200 kampuni nzima lazima iwe na thamani ya karibu trilioni 30, na pato zima la taifa la Marekani kwa mwaka 2024 lilikuwa kama trilioni 29. Najua moja ni thamani ya mali na nyingine ni pato la mwaka, hazilingani moja kwa moja, ila nataka uone ukubwa wa kitu unachokisubiri "kirudi". Hakuna mahali pa kurudi, maana ile 1,200 ya zamani na hii 120 ni kitu kimoja. Simaanishi haiwezi kupanda, hata ikiongezeka nusu tu ni hela nyingi sana. Nasema ile mara kumi unayoiona kichwani imetoka kwenye mgawanyo wa hisa, haijatoka kwenye biashara.

Vodacom Tanzania na Safaricom nitaenda haraka. Vodacom waliuza hisa milioni 560 mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, wakakusanya bilioni 476, na hizo zilikuwa asilimia 25 tu ya kampuni, kwa hiyo hisa zote ni kama bilioni 2.24 na kampuni nzima kwa bei ile ilikuwa shilingi trilioni 1.9. Hiyo sio kampuni ndogo. Safaricom 2008 waliuza kwa shilingi 5 za Kenya, watu wakakopa kuzinunua kwa sababu "shilingi tano itashuka mpaka wapi?" Ilishuka chini ya 3. Kutoka 5 mpaka 3 ni asilimia 40 ya hela yako, ni sawasawa na hisa ya elfu moja ikishuka mpaka mia sita. Hisa zao zote ni bilioni 40, kwa hiyo ile shilingi tano maana yake kampuni ya bilioni 200. Baadaye ikaja kupita 40 mwaka 2021, halafu ndani ya miaka miwili ikawa chini ya 15, na muda wote huo Wakenya hawakuacha kutumia M-Pesa hata siku moja. Idadi ya hisa haikubadilika. Kilichobadilika ni watu walikuwa tayari kulipa kiasi gani kwa faida ile.

Kuna sehemu inaniudhi zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Nikishamuelewesha mtu habari ya mgawanyo anarudi na nyingine: "basi hisa zikiongezeka hakuna tatizo." Hapana! Kuna kuongezeka kwa aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Kwenye mgawanyo kila mwenye hisa anaongezewa kwa kiwango kile kile kwa hiyo sehemu yako ya kampuni inabaki vile vile. Lakini kampuni ikitoa hisa mpya ikawapa watu wengine, sehemu yako inapungua hata kama hujauza chochote. Kampuni za teknolojia ndo zina tabia hii sana kwa sababu zinalipa wafanyakazi wake kwa hisa, kila mwaka zinatoka mpya kidogo kidogo, huoni kwenye bei ila utaiona kwenye faida kwa kila hisa, yaani faida yote ikigawanywa kwa idadi ya hisa. Halafu kuna wanaofanya kinyume chake. Apple ukihesabu kwa hisa za leo, maana nayo imeshagawanya, ilikuwa na zaidi ya bilioni 26 mwaka 2012, wakawa wananunua hisa zao wenyewe sokoni na kuzifuta mpaka zikabaki kama bilioni 15. Hapo hata faida isipoongezeka hata dola moja, anayebaki ndani anagawana na watu wachache. Huu ndo ubishi wa maana, hisa ngapi zipo na zinaelekea wapi, na siusikii.

Sasa niwe mkweli, maana na mimi nina mashaka yangu. Kwanza, vitabu vinasema mgawanyo haubadilishi kitu, lakini mara nyingi ukitangazwa bei inapanda, na sina maelezo yanayoniridhisha. Ule wa Nvidia ulitangazwa Mei 22, 2024, siku moja na matokeo mazuri ya faida, utatenganishaje? Pili, ukigawanya bei kwa faida kwa kila hisa, ile tunaita PE, ambayo ikiwa kubwa wanasema hisa ni ghali, na hiyo inadanganya. Katikati ya 2023 Nvidia ilikuwa inauzwa zaidi ya mara 200 ya faida ya mwaka uliofungwa Januari, kipimo kingekuambia kimbia. Mwaka uliofuata faida ikatoka dola bilioni 4.4 ikaenda karibu 30. Ila Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mtandao, nayo mwaka 2000 ilikuwa zaidi ya mara 100, watu wakasema hivyo hivyo kwamba intaneti ndo kesho yetu, na intaneti ikaja kweli, na hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 80. Anayekuambia alijua mapema ipi ni ipi, mimi simuamini.

La tatu linatuhusu sisi wa soko la Dar es Salaam. Nilisema zidisha bei kwa hisa zote, lakini bei yenyewe imetoka kwa nani? Kuna siku kampuni ya mamia ya mabilioni inapangiwa bei na watu wachache waliouziana hisa mia kadhaa asubuhi. Ukitaka kuuza zako zote kwa bei ile huenda usipate mnunuzi. Kwa hiyo hata ile trilioni 1.9 ya Vodacom ichukue kama makadirio tu.

Kwa hiyo mteja wangu wa Igoma, kabla hujanipigia tena, chukua taarifa ya fedha ya hiyo kampuni, nenda chini kabisa kwenye ukurasa wa faida na hasara utakuta mstari wa faida kwa kila hisa, linganisha na wa mwaka juzi, halafu kwenye maelezo ya mtaji angalia idadi ya hisa imeongezeka au imepungua. Ukiwa na namba hizo nipigie hata saa nne usiku, tutabishana.