Msitu haupeleki mahindi Kibaigwa

"Bwana shamba, hebu niambie. Msitu wa Mungu nani anautilia mbolea?"

Ibada ilikuwa imekwisha, tumesimama chini ya mwarobaini tukisubiri mnada wa sadaka: majogoo wawili, maboga, debe la karanga. Aliyeuliza ni mama wa makamo ya mama yangu mzazi, nimemwamkia shikamoo dakika moja tu iliyopita, kwa hiyo nikacheka kwa adabu. Lakini swali hilo nimeulizwa wilaya yote ya Kongwa, kwenye semina, kwenye daladala, mara moja hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi ili nikiulizwa tena nionyeshe simu.

Kwanza nikiri: kosa ni letu tunaofundisha. Somo la kilimo kwa njia ya Mungu huanzia porini. Tunawapeleka watu chini ya miti, tunawaambia waangalie: hakuna aliyelima, hakuna plau, majani yamefunika ardhi kama blanketi, na udongo una unyevu wakati shamba la jirani limepasuka. Ndivyo alivyoanza Brian Oldreive kule Zimbabwe miaka ya 1980, akaacha kugeuza ardhi, akachimba mashimo ya kupandia, akaacha mabua yalale juu. Naliamini somo hilo. Shambani kwangu plau haijaingia miaka tisa. Tatizo ni kwamba watu wanarudi kutoka porini na hitimisho lao wenyewe: cha Mungu hakitiwi mbolea, na anayetia amepungukiwa imani.

Jani la msituni linaanguka pale pale lilipoota. Linaoza, mzizi wa mti ule ule unalila tena. Swala akila majani, anakunya hapo hapo. Hakuna kinachotoka. Sasa wewe umevuna magunia 20 ukayapakia kwenye fuso hadi soko la Kibaigwa. Gunia la kilo 100 la mahindi limebeba naitrojeni, chakula cha mmea kinachotoka udongoni, kama kilo moja na nusu. Magunia 20 ni kilo 30. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya Urea una kilo 23 za naitrojeni hiyo. Maana yake umepandisha kwenye lori mfuko mmoja na robo wa Urea kutoka kwenye udongo wako, na ukalipia nauli! Mwakani unafanya hivyo tena. Edeni hakukuwa na Kibaigwa.

Kwa hiyo lazima urudishe. Unarudisha nini, hilo halina dini. Samadi, mboji, mbaazi, mbolea ya chumvichumvi, vyote ni sawa mradi kilichotoka kimerudi. Mwanzo 2:15 inasema Adamu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Watu wanakariri la kwanza, la pili wanalipita mbio. Wapo pia wanaokimbilia "kuitiisha" ya sura ya 1. Hao nawaambia waangalie tu mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza hapa hapa Kongwa. Waliitiisha kwa matrekta kuanzia 1947, na 1951 serikali yao ikakata tamaa.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Mkulima anatandaza mabua mwaka wa kwanza, haweki mbolea yoyote, mahindi yanageuka njano. Inama uangalie jani la chini kabisa: njano inaanzia nchani, inaingia katikati kufuata mshipa, umbo la V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni, na vinaila kabla ya mhindi, hasa ukiwa umeyafukia. Vitairudisha baadaye, lakini mhindi hausubiri baadaye. Mkulima huyo nilimkuta akiambiwa na wenzake kwamba ana dhambi ambayo hajaitubu. Ndugu zangu, alihitaji vijiko vya Urea! Umbo la V si hukumu.

Samadi nayo isimwagwe juani nyuma ya zizi. Harufu ile kali inayokupiga puani ni naitrojeni yenyewe inaondoka. Weka kivulini, funika.

Yasiyoandikwa kwenye vitini vyetu ni haya. Ukipima mashimo ya kupandia kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 60, eka moja ina mashimo kama 9,000. Kila shimo kopo la nusu lita la samadi: madebe 225. Mjane mwenye mbuzi watatu atayatoa wapi? Tunamwambia apande mbaazi, na kweli mbaazi inachukua naitrojeni hewani, ila fosforasi, chakula kingine cha mmea, haitoki hewani. Tena sina hakika kama mavuno yangu yanatokana na matandazo, au na kupanda mvua ya kwanza na kupalilia mara tatu, mambo ambayo zamani sikuyafanya. Nimebadilisha vyote pamoja, siwezi kuvitenganisha.

Na mwaka wa saba? Kutoka 23 inataka ardhi ipumzike, maskini wale kinachoota chenyewe. Mwenye eka mbili apumzishe ipi? Mimi hupumzisha nusu eka kwa mbaazi. Mwinjilisti wetu anasema hiyo si Sabato, ni kubadilisha mazao. Sina la kumjibu.

Yule mama nilimweleza haya yote, kwa ufupi kidogo. Akasikiliza mpaka jogoo wa pili akauzwa.

"Haya, mbolea nimeelewa. Na blanketi je?"

"Blanketi liache, mama. Mabua yasitoke shambani."

"Yangu yaliliwa yote mwezi wa nane. Ng'ombe waliingia usiku."

"Mama, hapo uongee na mchungaji wao."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema, akigeuka kutazama mlango wa kanisa. "Ng'ombe ni wa mchungaji."

"Mchungaji yupi?"

"Huyo huyo aliyehubiri."