Miaka 74 ya pengo kupanuka

Kila ninapofundisha uchumi wa maendeleo, hakosi wa kuniuliza: je, nchi maskini zitazifikia nchi tajiri? Siku hizi, kabla ya kujibu, nauliza kwanza: nchi zipi, na tunaanza kuhesabu mwaka gani?

Mwaka 1986 mwanauchumi William Baumol alilinganisha nchi 16 kwa kile ambacho saa moja ya kazi ilizalisha mwaka 1870, na jinsi kilivyokua hadi 1979. Matokeo yalipendeza: zilizoanza chini ndizo zilizokua haraka zaidi. Mwaka 1988 mwanauchumi mwenzake, Bradford De Long, akahoji hizo 16 zilipatikanaje. Kumbe zilikuwa nchi zilizokwisha kutajirika! Ukichagua washindi baada ya mbio kwisha, aliyeanza nyuma lazima aonekane ndiye aliyekimbia kuliko wote. De Long akaingiza nchi ambazo mwaka 1870 zilionekana kuwa na matumaini, zikiwemo Argentina, Chile na Ureno, na ushahidi ukalegea. Ripoti nyingi ninazosoma hurudia kosa hilohilo kwa kuitaja Korea Kusini tu, iliyoanza maskini ikatajirika, kana kwamba wengine hawakushiriki mbio.

Nadharia yenyewe, kwamba aliye nyuma hukua haraka zaidi, si ya kubeza. Chukua mafundi kumi wanaopokezana cherehani moja. Waletee ya pili, nguo zitaongezeka siku hiyohiyo. Waletee ya kumi na moja, itakaa pembeni ikipigwa vumbi. Ndiyo maana mtaji unategemewa kuzaa zaidi kule ambako mashine ni chache. Lakini mwanauchumi Robert Solow, aliyeiweka hoja hii kwenye hesabu mwaka 1956, hakuahidi kwamba wote watafika pamoja. Kila nchi huelekea kiwango chake cha pato, kwa kadiri inavyoweka akiba, watu wake wanavyoongezeka na ujuzi walio nao. Cherehani isiyo na mtu wa kuitengeneza inapoharibika ni chuma tu.

Kinachonivutia zaidi ni alichoonyesha mwanauchumi Dani Rodrik mwaka 2013: katika viwanda rasmi, tija, yaani kile anachozalisha mfanyakazi mmoja, ya nchi zilizo nyuma huzifukuzia zilizo mbele hata pale ambapo sera ni za kuchechemea. Ila viwanda hivyo huajiri wachache. Wengi wako kwenye kilimo na biashara ndogondogo, ambako mbio hizo hazionekani.

Tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa wastani, nchi maskini zilianza kukua haraka kuliko tajiri, na wengi wakashangilia. Wanafunzi wangu huwa nawapa hesabu hii. Nchi moja ina pato la dola 1,000 kwa kila mtu, linakua asilimia 6 kwa mwaka. Nyingine ina dola 50,000, asilimia 2. Mwaka wa kwanza maskini anaongeza dola 60, tajiri 1,000. Kwa uwiano wanakaribiana kila mwaka, lakini kwa dola pengo linazidi kupanuka kwa miaka 74 hivi, kutoka 49,000 hadi karibu 142,000, ndipo lianze kupungua. Watalingana mwaka wa 102.

Hapo nimechukulia kwamba ile asilimia 6 haikukatika hata mwaka mmoja.